Gari Linaloburura Tumbo Si Maendeleo

Imezuka kasumba miongoni mwa baadhi ya vijana wetu wenye magari madogo ya mwendo kasi. Kijana hununua Subaru Impreza au Toyota Altezza iliyokwisha kutumika Japani, na kabla hajaizoea huipeleka gereji ishushwe mpaka tumbo likaribie kugusa ardhi. Gari hilo si la mashindano. Ndilo la kwendea kazini, sokoni, msibani na hospitali. Je, desturi hiyo ina mahali gani katika Bariadi na mkoa wa Simiyu kwa jumla?

Hatuna budi kusema wazi: haina mahali.

Ni kweli kwamba gari lililo chini haliyumbi sana kwenye kona, kwa kuwa uzito wake umeikaribia ardhi. Ndiyo maana magari ya mashindano huundwa hivyo. Lakini hayo hukimbia katika njia maalumu, laini kama sakafu, isiyo na tuta, shimo wala ng'ombe. Barabara ya lami itokayo Lamadi kupitia Bariadi na Maswa hadi Mwigumbi ni neema kubwa kwa mkoa huu ulioundwa mwaka 2012. Hata hivyo, mwananchi haishi juu ya lami. Akiiacha na kuingia vijijini, hukutana na udongo mweusi wa mbuga, ambao kiangazi hupasuka nyufa na masika huvimba na kuteleza. Malori ya pamba huchimba mifereji ya magurudumu, na katikati hubaki mgongo wa udongo mgumu. Mgongo huo ndio unaolisubiri tumbo la gari lililoshushwa.

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Kimo cha gari hupimwa na wahandisi pamoja na urefu wa springi, nguvu ya shokapu na mkao wa magurudumu. Fundi anayekata springi kwa msumeno huvuruga yote hayo kwa mara moja. Shokapu hukosa nafasi ya kucheza na hufa mapema. Magurudumu hulala upande, na tairi huliwa ukingo wa ndani ambako dereva haoni, mpaka siku lipasuke. Sampu ikigonga jiwe na kutoboka, oili humwagika na injini hukwama. Hayo ndiyo malipo ya fahari.

Wapo wanaodai kwamba gari la michezo lisiloshushwa halina heshima. Historia inawaumbua. Bert Shankland, aliyekuwa mkazi wa Tanzania, alishinda mbio za Safari za Afrika Mashariki mwaka 1966 na tena mwaka 1967 kwa Peugeot 404, gari la familia lililosimama vyema juu ya magurudumu yake. Nao Wajerumani wa Porsche, walipoleta magari yao ya 911 katika Safari ya mwaka 1978 nchini Kenya, hawakuyashusha. Waliyanyanyua hadi tumbo likawa sentimita 28 kutoka ardhini, na mojawapo likashika nafasi ya pili. Ikiwa mwenye kuliunda gari la michezo aliitii ardhi ya Afrika, sisi wenye ardhi hiyo tunamwiga nani?

Tutajibiwa: "Gari ni langu, na fedha ni zangu." Sawa, lakini barabara ni yetu sote. Dereva wa gari la namna hiyo husimama ghafla mbele ya kila tuta, na hulikwepa kila shimo kwa kuingia upande wa mwenziwe. Upande huo yupo mwenye baiskeli aliyepakia gunia, yupo bodaboda aliyempakia mama mjamzito. Wao hawakushauriwa gari liliposhushwa.

Basi mafundi wetu wakatae kukata springi, hata mteja akiongeza dau. Anayeng'ang'ania kushusha gari atumie springi na shokapu zilizoundwa kwa kazi hiyo, ashushe kidogo, kisha magurudumu yapimwe upya. Askari wa usalama barabarani wanapokagua taa na breki, wainame watazame na chini ya gari. Na kijana mwenye fedha ya ziada anunue tairi nzima na shokapu imara. Gari la heshima ni lile linalomfikisha mgonjwa hospitali usiku wa mvua, si lile linalokwama njiani likisubiri kusukumwa na wapita njia.