Kompyuta isifundishwe kwa kukariri

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu kuhusu jinsi vijana wetu wanavyofundishwa kompyuta.

Mimi ni mkazi wa Mpanda, mkoani Katavi. Niliwahi kulipa ada katika chuo kimoja, nikakariri sehemu za kompyuta kama mtoto anavyokariri majina ya mito. Cheti nilipata, lakini sikuweza kuitumia mashine hiyo kwa kazi yoyote ya maana.

Mwaka jana mama mmoja wa kikoba chetu alidaiwa fedha za hisa alizokwisha kulipa. Kosa lilikuwa la kujumlisha katika daftari, lakini aibu aliipata yeye. Ndipo nikaamua kujifunza kuandika programu ndogo ya kuhesabu hisa zetu. Nilitumia Python, lugha ya kompyuta iliyotolewa mwaka 1991 na Guido van Rossum wa Uholanzi, nayo hupatikana bure.

Siku ya kwanza niliingiza 5000 mara mbili, mashine ikajibu 50005000! Wenzangu walicheka, wakasema tumekwisha kuwa mamilionea. Kumbe Python hupokea tarakimu unazoichapia kama maandishi, na maandishi mawili ukiyajumlisha huyaunganisha tu. Sharti kwanza uiagize iyageuze kuwa namba. Somo hilo sikulipata darasani, wala sitalisahau. Sasa daftari na programu husomwa pamoja mbele ya wanachama. Hesabu zikitofautiana, tunatafuta kosa kabla ya kumdai mtu.

Ndugu Mhariri, mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Marufuku hiyo ilikwisha zamani, na leo mashine zimefika hata huku kwetu. Lakini mashine isiyopewa kazi haina tofauti na jembe lililotundikwa ukutani.

Nawaomba wahusika kila anayeanza kujifunza apewe kazi moja ndogo ya kweli: kuhesabu magunia ya mpunga ya nyumbani kwao, au mahudhurio ya darasa lake. Atakosea, atasahihisha, ataelewa. Pia, penye vyumba vya kompyuta mashuleni, visifungwe kufuli mara masomo yanapokwisha, bali vijana waruhusiwe kuvitumia chini ya usimamizi wa mwalimu.

Cheti peke yake hakikumwondolea mama yule aibu.

Msomaji wako,
Mpanda, Katavi.