Saini Si Ustadi

Mjukuu wangu wa kike anasomea stashahada ya uuguzi na ukunga, na sasa yuko mwaka wa tatu. Likizo iliyopita alinionyesha daftari lake la mazoezi ya wodini. Kila kazi anayoifanya mwanafunzi huandikwa humo, na muuguzi aliyemsimamia hutia saini. Nililipitia kama nilivyokuwa nikipitia maandalio ya masomo ya walimu wangu, ukurasa baada ya ukurasa. Saini zilikuwa zimejaa. Nikamuuliza, "Hawa akina mama wote umewazalisha wewe?"

Akainamisha kichwa. "Babu, tulikuwa wanafunzi 11 kwa mama mmoja. Aliyempokea mtoto ni mwenzetu. Sisi wengine tulisimama nyuma yake tukichungulia, kisha tukapanga foleni ya saini."

Sikumgombeza, kwa sababu kosa si lake. Ila usiku ule sikupata usingizi, maana najua anakokwenda. Akishapata leseni huenda akapangiwa zahanati ya mbali, na zamu ya usiku akawa peke yake. Mama atajifungua, mtoto atalia, kila mtu atafurahi, halafu damu itaanza kumwagika bila kukoma. Kitabu kimemfundisha kwamba pamoja na kumpa dawa, akande mji wa mimba mpaka ukaze. Lakini kukaza kukoje? Hilo halimo kitabuni, limo mkononi. Mkono ambao haujawahi kugusa mji wa mimba uliolegea na ule uliokaza hautajua tofauti, na mama yule hana muda wa kumsubiri mtu ajifunze.

Ndugu msomaji, nasema wazi ninachokiamini: chuo kinachopokea wanafunzi wengi kuliko wagonjwa wanaoweza kujifunza kwao hakifundishi uuguzi. Kinauza karatasi. Na sisi wazazi, kwa kiu yetu ya kuona watoto wamepata ajira, ndio wanunuzi.

Mpango wenyewe wa mafunzo hauna ubaya. Kijana anamaliza kidato cha nne akiwa amefaulu Baiolojia, Kemia na Fizikia, anaingia chuoni, anapanda kutoka ngazi ya 4 hadi ya 5, na mwaka wa tatu anamaliza ngazi ya 6, yaani stashahada. Kisha Baraza la Uuguzi na Ukunga humpima kabla ya kumpa leseni. Wako wanaoibeza njia hii wakisema ni ya walioshindwa kwenda chuo kikuu. Watu hao hawajawahi kulazwa. Katika vituo vya afya na zahanati zetu, mtu anayekushika mkono saa nane za usiku mara nyingi ni huyo huyo wa cheti au stashahada. Siibezi stashahada hata kidogo. Nataka iwe na maana.

Wazo la kumfundisha muuguzi kitandani pa mgonjwa si la jana. Florence Nightingale alipoanzisha shule yake London mwaka 1860 aliiweka katika hospitali ya St Thomas'. Hata kwetu, shule za uuguzi za zamani kama za Ndanda na Peramiho zilikua ndani ya ua wa hospitali za misheni. Siku hizi mtu anaweza kukodi jengo, akaweka viti na ubao, akaandika barua ya kuomba nafasi katika hospitali ambayo tayari ina wanafunzi wa vyuo vingine vitatu. Ubao unaweza kuongezwa. Kitanda cha mgonjwa hakiongezwi kwa barua.

Mimi ni mwalimu, na jambo hili nimeliona kabla. Nilimaliza chuo cha ualimu miaka miwili kabla ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, lililotaka watoto wote wa umri wa shule wawe darasani ifikapo 1977. Nia ilikuwa njema na walimu hawakutosha, kwa hiyo vijana waliomaliza darasa la saba wakachukuliwa, wakawa wanasomea ualimu huku wakifundisha. Watu waliwacheka kwa jina la "walimu wa UPE". Mimi niliwasimamia baadhi yao, nami siwacheki. Penye mwalimu mzoefu aliyekaa nyuma ya darasa akawatazama, akawasahihisha jioni na kuwarudisha kesho yake, wengi wakawa walimu hodari kuliko sisi tuliotoka chuoni na vyeti vyetu. Pasipo na mtu wa kuwatazama, walinakili kitabu ubaoni na watoto wakanakili ubao. Somo nililolipata si kwamba kujifunzia kazini ni kubaya. Ni kwamba hakuna kujifunza kazi bila mtu mzima wa kazi kusimama pembeni yako.

Nililishuhudia tena mke wangu alipolazwa. Mwanafunzi mmoja alikuja kumtafuta mshipa wa dripu, akachoma mara tatu bila kuupata, jasho likimtoka, msimamizi haonekani. Nikainuka kumfukuza. Mke wangu akanizuia kwa jicho. "Mwalimu, kaa chini. Na wewe ulijifunzia kwa watoto wa watu."

Nilikaa. Baadaye akaja muuguzi mmoja wa makamo, naye ni wa stashahada. Hakumnyang'anya yule binti sindano. Aliupasha mkono wa mgonjwa joto kwa kitambaa, akaweka vidole vyake juu ya vidole vya mwanafunzi, akamwambia, "Usiutafute kwa macho, utafute kwa ncha ya kidole." Mara moja tu, mshipa ukapatikana. Dakika tano zile zilikuwa chuo kizima. Lakini muuguzi yule alikuwa na wodi nzima ya kuhudumia, na halipwi hata senti kwa kufundisha. Kesho yake, akizidiwa, atafanya nini? Atatia saini.

Nitaambiwa kwamba taifa lina upungufu wa wauguzi, kwa hiyo tusizuie vyuo. Upungufu upo, sikatai. Lakini muuguzi asiyejua kazi haupunguzi upungufu huo. Anauficha kwenye orodha ya watumishi mpaka siku mama anapokufa. Nitaambiwa pia kwamba vyuo vina midoli ya kujifunzia. Vizuri, mtoto na aanze na mdoli. Mdoli hauogopi, hausemi "dada, nimeishiwa nguvu", wala mkono wake haupoi kiganjani mwako.

Basi nini kifanyike? Idadi ya wanafunzi ipimwe kwa vitanda na kwa akina mama wanaojifungua katika hospitali ya mazoezi, si kwa viti vya darasani. Mkufunzi wa chuo aende wodini pamoja na wanafunzi wake, kama wakufunzi wetu walivyokuja kukaa nyuma ya madarasa tulipokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha. Muuguzi anayefundisha apewe muda na posho ya kazi hiyo. Nanyi wazazi, kabla ya kuuza ng'ombe mlipe ada, msiulize rangi ya sare. Ulizeni: wanafunzi wanafanya mazoezi hospitali gani, ni wangapi kwa zamu moja, na nani anasimama nao?

Kuhusu mjukuu wangu, nilimshauri jambo moja tu. Arudi wodini akaombe zamu za usiku, wakati wenzake ni wachache, na asipokee saini ya kazi ambayo mikono yake haikuifanya. Alinijibu, "Babu, nitachelewa kumaliza daftari." Nikamwambia achelewe. Wiki iliyopita alinipigia simu alfajiri, sauti imekauka kwa uchovu. Amempokea mtoto mmoja kwa mikono yake, na muuguzi wa zamu amemshika mkono akamwekea juu ya tumbo la mama, akamwambia, "Sikia, hivi ndivyo kunavyokaza."

Ni mtoto mmoja, na daftari linadai wengi zaidi. Lakini huyo mmoja ni wa kweli.