Tabibu Mwenye Shoto

Katika kila watu kumi, takriban mmoja huzaliwa na shoto, wala hakuuchagua mkono huo, kama sisi wengine tusivyouchagua wa kuume. Walakini aingiapo katika kazi ya utabibu hukuta kwamba vyombo, vitanda, mafunzo, na hata adabu za wodini, vyote vimekwisha kupangwa na watu ambao hawakumfikiria, kisha ni yeye anayeitwa mzito wa mikono. Maneno haya nayaelekeza kwa walimu wa vyuo vya utabibu na uuguzi, na kwa wakuu wa hospitali wenye amri ya kununua vyombo, kwa sababu dhuluma hii, ingawa ni ndogo kwa kuitazama, haimwishii mwanafunzi peke yake bali humfikia mgonjwa aliyelala mezani, ambaye hana habari nayo wala hakuulizwa.

Na asiyesadiki na achukue koleo la kushikia sindano, lile ambalo mpasuaji hushonea jeraha. Karibu na vishikio vyake mna meno madogo yanayoumana ili sindano isiponyoke. Na mwenye kutumia mkono wa kuume hulifungua kwa kukisukuma kidole gumba kidogo tu, meno yakaachana kwa wepesi bila yeye kufikiri. Litie koleo hilohilo katika mkono wa kushoto, na msukumo uleule, badala ya kulifungua, utalizidisha kukaza, hata mwenye shoto alazimike kukivuta kidole gumba kuelekea kiganjani kinyume cha tabia ya mkono, na meno yaachanapo kwa nguvu, sindano iliyo ndani ya nyama ya mtu hutikisika. Mkasi nao una hila yake: mkono wa kuume unapoubana, vidole huyasukuma makali mawili yakakutana barabara na uzi ukakatika; mkono wa kushoto ukiubana, huyatenga makali hayo, na uzi hujikunja katikati yake usikatike, na juu ya hayo kali moja humfunikia macho mahali hasa anapotaka kukata. Sasa mtu wa namna hii tumwite mzembe kwa insafu gani?

Nimepata kumwona kijana mmoja, katika hospitali nisiyoitaja, akishona mguu wa mvuvi aliyekatwa na chaza. Alianza kwa mkono wake wa kushoto, polepole lakini vizuri, mishono miwili ikakaa sawa. Ndipo mkubwa wake alipopita akamwambia, mbele ya watu, ashone kwa mkono wa kulia kama wenziwe. Kijana akatii, mkono ukaanza kumtetemeka, na mshono wa tatu ukaenda upande. Mvuvi, aliyekuwa kimya muda wote huo, akainua kichwa akasema, “Bwana daktari, mwachie mkono wake; mguu ni wangu mimi.” Watu wakacheka, na mkubwa akaenda zake. Mimi naona hukumu ya mvuvi yule ilikuwa na ilimu zaidi ndani yake kuliko amri aliyoikatiza.

Wala mtu asidhani kwamba ubora wa mkono mmoja ni kanuni iliyozaliwa pamoja na utabibu. Aulus Cornelius Celsus, aliyeandika huko Rumi katika karne ya kwanza, aliweka miongoni mwa sifa za mpasuaji kwamba mkono wake uwe imara usiotetemeka, na kwamba awe tayari kuutumia wa kushoto sawa na wa kuume. Na alipofika kwenye habari ya mtoto wa jicho, maradhi ambayo wakati huo yakitibiwa kwa kuchoma sindano na kulisukuma chini lile pazia jeupe, akaagiza jicho la kushoto litibiwe kwa mkono wa kuume, na jicho la kuume kwa mkono wa kushoto. Sababu yake ni dhahiri: tabibu aliketi kumkabili mgonjwa, na sindano iliingia kutoka upande wa panja, ulio karibu na sikio, kwa hiyo kila jicho lilikuwa na mkono wake. Tabibu wa zama zile asiyeweza kutumia kushoto alikuwa na nusu ya kazi tu. Sisi tuliokuja baadaye tumeifanya nusu hiyo kuwa aibu.

Ama aibu yenyewe, mimi siidharau, maana nimelelewa ndani yake kama kila mtu wa pwani. Muuguzi akimpa bibi mzee vidonge kwa mkono wa kushoto, bibi atautazama mkono ule, atamtazama na mwenye mkono, kisha atageukia ukutani. Naye hana kosa, kwani kwetu mkono huo una kazi yake inayojulikana, na kumpa mtu kitu kwa mkono huo ni kumvunjia heshima. Basi muuguzi na ampe kwa mkono wa kuume, au kwa yote miwili, na aseme “Shikamoo, bibi” kabla ya dawa. Lakini kupa ni jambo moja na kufanya kazi ni jambo jingine. Kupendelea kuume katika kula, kuvaa na kujitoharisha ni sunna ijulikanayo, wala sijapata kusikia kwamba seremala mwenye shoto ameamriwa kubadili mkono ashikapo randa; na Sayyidna Umar bin Khattab mwenyewe amepokewa na waandishi wa sira kuwa akiitumia mikono yake yote miwili. Na wasomao Biblia watakumbuka wale 700 wa kabila la Benyamini, katika Kitabu cha Waamuzi, wenye shoto wote, ambao mawe ya kombeo lao hayakukosa shabaha.

Liko pia jambo la kitanda. Mwanafunzi hufundishwa kusimama kuumeni kwa mgonjwa, na desturi hiyo ina manufaa, kwani ini liko upande huo, na watu wote wakisimama mahali pamoja hawagongani. Mwenye shoto aijue na aiheshimu. Lakini akiomba kuzunguka upande wa pili ili aliguse tumbo kwa mkono wenye hisia zaidi, sioni maradhi yatakayojificha kwa sababu hiyo.

Enyi walimu, dawa yake haina gharama ya kuogofya. Msimweke mwanafunzi huyu ubavuni mwenu mnapomwonyesha kufunga fundo. Mkabilini uso kwa uso, na kile kinachotendwa na mkono wenu wa kuume kitamjia katika mkono wake wa kushoto kama katika kioo. Koleo na mikasi ya kushoto hutengenezwa na huuzwa. Seti moja kwa kila chumba cha upasuaji, iliyotiwa alama isichanganyike na nyingine, yatosha. Na muuguzi anayepanga vyombo aambiwe mapema, kabla mikono haijaoshwa, ni nani atakayepasua, ili asije akampitishia kisu kwa kukivusha mbele ya mikono ya watu, kwani sindano au kisu kilichokwisha kumgusa mgonjwa, kikimchoma mtumishi, chaweza kumtia virusi vya homa ya ini au vya UKIMWI.

Nawe kijana mwenye shoto, usiyafanye haya kuwa udhuru. Utapelekwa katika zahanati ya mbali, na usiku wa manane utaletewa mama anayevuja damu, na mkasi utakaoukuta humo ni ule wa kuume. Basi jizoeze nao mchana, juu ya kitambaa na ganda la ndizi, hata mkono wako wa pili uweze kukata uzi na kufunga fundo bila kukuaibisha. Kisha kazi ya kushona yenyewe uifanye kwa mkono uliopewa.

Limebaki suala la mtihani. Mtahini amwulize mwanafunzi kabla ya kuanza ni mkono gani atakaotumia, amwandalie meza kwa mkono huo, na ampe alama kwa jeraha lililofungwa vizuri, ngozi imekutana na ngozi pasipo kukazwa mno, bila kujali sindano imeingilia upande gani.