Dodoma isiwe kituo cha mwisho
Wanaosema taasisi ya serikali haiwezi kufanya kazi nje ya jiji kubwa wanasahau kwamba Bodi ya Korosho iko Mtwara na ya Kahawa iko Moshi, jirani na wakulima wenyewe. Uamuzi wa serikali kuhamia Dodoma ulipitishwa 1973, ukaja kushika kasi 2016. Sawa, lakini majalada yametoka jiji moja yakaingia jingine. Kwa nini wanaoshughulikia mifugo au maji ya vijijini wasikae wilayani? Mishahara yao ingelipa kodi za nyumba huko, ingechangamsha magenge na vibanda vya mama ntilie. Watumishi watalalamikia shule na zahanati. Vizuri sana, walalamike! Malalamiko yao husikika upesi kuliko ya mwanakijiji.