Kimbunga kikitua Mafia, Salama nayo ielezwe
Na Mwende Kioko

Jumamosi ya Mei 4, 2024, kimbunga Hidaya kilitua katika kisiwa cha Mafia, Tanzania. Siku hiyo hapa Salama, Makueni, runinga za mikahawa iliyo kando ya barabara ya Mombasa hazikuwa na habari nyingine. Madereva wa malori waliokuwa wakiteremka pwani walitaka kujua kama njia inapitika. Wakulima walioshuka sokoni walitaka kujua kama mvua iliyokuwa ikinyesha ingezidi au ingekatika, maana maharagwe yalikuwa yameanza kuoza shambani. Runinga haikumjibu yeyote kati yao. Ilionyesha ramani na duara jeupe likizunguka baharini, kisha mwanahabari aliyesimama ufukweni, mawimbi nyuma yake.

Ninaandika juu ya jambo hilo kwa sababu litajirudia. Vimbunga vya Bahari ya Hindi tutazidi kuvisikia, na namna tunavyotangaziwa habari zake haimfai mtu wa Makueni wala wa Kitui. Tunaonyeshwa upepo. Sisi huuawa na maji.

Tazama wiki ile yenyewe. Ijumaa ya Mei 3 Rais William Ruto alilihutubia taifa, akaahirisha kufunguliwa kwa shule na kuonya kwamba huenda Kenya ikakumbwa na kimbunga kwa mara ya kwanza. Kufikia siku hiyo mafuriko yalikuwa yameua zaidi ya watu 200 nchini, na Hidaya haikuwa imemgusa hata mmoja wao. Alfajiri ya Aprili 29 maji yalikuwa yamezoa nyumba na watu waliolala huko Mai Mahiu. Siku chache kabla ya hapo, hapa hapa Makueni, lori lililojaa watu lilisombwa na mto uliofurika lilipojaribu kuvuka, na video yake ikazunguka nchi nzima. Halafu kimbunga kikatajwa, na kamera zikaelekezwa baharini, wakati mito ya bara ilikuwa bado imejaa.

Sisemi onyo lile halikuwa na maana. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilitoa taarifa baada ya taarifa, boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zikasimamishwa, wavuvi wakaambiwa wabaki nchi kavu. Naamini kuna watoto ambao baba zao wako hai leo kwa sababu ya taarifa hizo. Kazi ya namna hiyo inastahili heshima.

Lakini Hidaya ilipopungua nguvu baada ya kuingia Mafia, habari nazo zikapungua nguvu. Kumbe kwa watu wa kusini mwa Tanzania shida ndiyo ilikuwa inaanza. Mvua ilikata barabara ya kutoka Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara katika eneo la Kilwa, madaraja yakabomoka, wasafiri wakakwama njiani. Sisi tunaoishi juu ya barabara kuu tunajua barabara ikikatika ni nini kinachofuata: chakula kinaoza ndani ya malori, mgonjwa anakosa njia ya kufika hospitali. Kwetu Kenya gumzo lilikuwa limeshahamia kwenye tarehe ya kufungua shule, Mei 13. Kisha, kabla mwezi haujaisha, kimbunga kingine, Ialy, kilipanda kaskazini hadi karibu na pwani ya Kenya na kuleta upepo mkali. Muulize jirani yako leo kama analikumbuka jina hilo.

Nchi zetu zina historia ndefu na dhoruba hizi kuliko tunavyoambiwa. Aprili 15, 1872 tufani iliipiga Zanzibar, ikaangusha mikarafuu ya Unguja na kuzivunja merikebu za Sultani Barghash. Aprili 15, 1952 kimbunga kingine kilitua Lindi. Vimbunga vingi hukaa kusini zaidi, kwa sababu karibu na ikweta nguvu ya mzunguko wa dunia inayoufanya upepo ujizungushe ni hafifu. Ndiyo maana Msumbiji na Madagascar huumia mara kwa mara nasi huponea. Ila angalia hizo tarehe: Aprili, Aprili, na mwaka 2024 Mei mara mbili. Hivi vichache vinavyotukaribia vimekuja katikati ya masika yetu, ardhi ikiwa tayari imeshiba maji.

Na kimbunga si lazima kitukaribie ndipo kituguse. Hapa ndipo ninapowalaumu wahariri zaidi. Machi 2018, vimbunga Dumazile na Eliakim vilipokuwa upande wa Madagascar, upepo wenye unyevu ulivutwa kutoka Congo ukapita juu yetu, na mvua iliyonyesha Kenya mwezi ule ilikuwa kubwa mno. Mwaka uliofuata mambo yakageuka. Kimbunga Idai kilitua Beira usiku wa kuamkia Machi 15, 2019, kikaua watu zaidi ya 1,000 Msumbiji, Zimbabwe na Malawi. Huku kwetu masika ikachelewa, kwa kuwa dhoruba ile ilikuwa imeuvuta kusini unyevu ambao ungetufikia. Mkulima wa Ukambani aliyepanda mahindi na ndengu kwa kufuata kalenda aliona mbegu zikikauka udongoni, huku runinga ikimwonyesha Beira iliyozama. Hakuna aliyemwambia kwamba maji aliyoyaona kule na ukame wa shamba lake vilikuwa na uhusiano.

Watu wa Beira walistahili kila dakika waliyotangaziwa, na zaidi. Ninachodai ni sentensi moja ya nyongeza, inayosema dhoruba hii iko upande gani na wiki mbili zijazo inamaanisha nini kwa Salama, Emali, Wote, Mutomo na Mwingi. Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa ina wakurugenzi wake katika kaunti. Wanajua kuisoma ramani ile. Redio za Kikamba, Musyi na Mbaitu, zinasikika hadi jikoni na shambani. Kimbunga kinapotajwa, mkurugenzi wa kaunti aitwe studio asubuhi hiyo hiyo na kuulizwa kwa Kikamba: tupande au tusubiri? Mito itajaa lini? Kivuko kipi kisikanyagwe?

Swali hili la mwisho ndilo lenye uzito kuliko yote. Desemba 4, 2021, basi lililobeba wanakwaya kwenda harusini liliingia mto Enziu, karibu na Mwingi, ukiwa umefurika. Zaidi ya watu 30 walikufa wakati watu wakitazama kutoka ukingoni na simu zikirekodi. Hapakuwa na kimbunga siku ile. Mvua ilikuwa imenyesha juu, na mto wa msimu ukashuka kama kawaida yake. Kifo cha Ukambani ndicho hicho, na habari yoyote ya dhoruba isiyokitaja inapotangazwa huku inakuwa imeacha jambo la msingi.

Msimu wa vimbunga upande wetu wa bahari huanza Novemba, wakati mvua ya vuli, tunayoitegemea zaidi huku, imeshika kasi. Wahariri wa redio, jipangeni kabla haujafika. Tafuteni namba ya mkurugenzi wa hali ya hewa wa Makueni na wa Kitui sasa, mkubaliane naye atazungumza lini. Upepo ukishatulia, endeleeni na habari hiyo hadi barabara zifunguliwe na maiti wazikwe. Na wewe dereva unayenisoma ukiwa umeegesha hapa Salama: ukikuta maji yamefunika daraja, simama, hata kama abiria wanakupigia kelele. Yaache yapungue kwanza.