Mtoto asifukuzwe kwa kuogopa maneno ya soko

Alfajiri, viazi na maziwa kutoka Mudende huteremka kuelekea Gisenyi. Kabla jua halijapanda, wachuuzi, wengi wao akina mama, wamekwisha kupanga foleni kwenye mpaka mdogo, Petite Barrière, ili wavuke kwenda Goma. Wanarudi jioni wamechoka. Mtoto aliyeshinda shuleni akichekwa hupata dakika chache tu za kusikilizwa, na pengine hapati kabisa.

Kuna watoto ambao ukimya huo huwaumiza kuliko wengine. Ni wale wanaotambua, wakiwa na miaka 13 au 15, kwamba wanavutiwa na watu wa jinsia yao, au wavulana na wasichana wasiojiona kuwa wa jinsia waliyoandikiwa walipozaliwa. Watoto hao wapo mjini na wapo milimani. Wengi hawasemi kitu.

Kisheria, Rwanda si mahali pabaya zaidi katika kanda hii. Mwaka 2009, rasimu ya sheria ya adhabu ilipozua mjadala, Waziri wa Sheria wa wakati huo, Tharcisse Karugarama, alisema serikali haina mpango wa kuufanya uhusiano wa jinsia moja kuwa kosa la jinai. Mwaka huohuo Burundi iliuharamisha. Uganda mwaka 2023 ilipitisha sheria inayofika hadi adhabu ya kifo kwa baadhi ya makosa. Mfanyabiashara anayezunguka kanda hii anavuka mipaka ya sheria hizo pamoja na mizigo yake.

Lakini sheria kukaa kimya hakumfanyi mtoto awe salama. Polisi hawatamkamata Mudende. Baba yake anaweza kumfukuza usiku huohuo.

Hapo ndipo hatari ilipo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa zaidi ya watu 720,000 hufa kwa kujiua kila mwaka, na kwamba kujiua ni sababu ya tatu ya vifo vya watu wenye umri wa miaka 15 hadi 29. Kuhusu vijana hawa, utafiti wa Caitlin Ryan na wenzake, uliochapishwa Marekani mwaka 2009, ulionyesha kuwa waliokataliwa sana na familia zao walikuwa na uwezekano zaidi ya mara nane wa kuwa wamewahi kujaribu kujiua, wakilinganishwa na wale ambao hawakukataliwa au walikataliwa kidogo. Kinachowaua si jinsi walivyo. Wanaumizwa na mlango unaofungwa.

Wapo watakaosema kuwa kumsikiliza mtoto wa namna hiyo ni kuvunja mila na dini. Hofu hiyo ni ya kweli, hasa kwa mchuuzi ambaye jina lake ndilo mtaji wake: umbea ukifika sokoni, mkopo na wateja vinaweza kupotea. Hata hivyo, mzazi anaweza kubaki na imani yake na bado akamwekea mtoto sahani mezani. Na mteja aliyekwenda anaweza kurudi kesho akifuata bei nzuri.

Kuzuia hakuhitaji shahada. Mtoto akianza kujitenga, akiacha kula au kulala, akigawa vitu vyake, au akisema kuwa yeye ni mzigo, aulizwe waziwazi na kwa upole kama anafikiria kujiua. Kumuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Humpa nafasi ya kupumua. Asiachwe peke yake, na vitu vinavyoweza kumdhuru viwekwe mbali. Kisha apelekwe kituo cha afya. Mhudumu wa afya wa kijiji anaweza kuonyesha njia, na simu za bure zipo nchini: 114 ya afya na 116 ya watoto. Namba hiyo ya 116 inawahudumia watoto hata Kenya, Uganda na Tanzania.

Viongozi nao wana kazi. Januari 2025, Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kuwa kifungu cha kumshtaki aliyejaribu kujiua kinapingana na katiba. Ni hatua ya kuigwa, kwa sababu familia inayoogopa mashtaka huficha mgonjwa. Vyama vya ushirika vya wachuuzi, vinavyokutana kujadili ushuru na mikopo, vinaweza kumwalika muuguzi wa afya ya akili walau mara moja kwa msimu. Walimu na wachungaji wanaweza kuanza kwa kukataza kejeli.

Jumuiya ya Afrika Mashariki imerahisisha cheti cha bidhaa zisizozidi dola 2,000 ili mchuuzi mdogo apite bila kusumbuliwa. Mtoto wake hahitaji cheti chochote ili apite mlango wa kwao. Anahitaji kujua, kabla mama hajaondoka alfajiri, kwamba jioni mlango huo utakuwa wazi.