Barua ya wazi kwa Waziri wa Uchumi wa Buluu na Uvuvi, Zanzibar

Mheshimiwa Waziri,



Ukisikiliza mijadala ya uchumi wa buluu, utasikia habari za boti, bandari na bahari kuu. Mimi nataka kusema juu ya kombe na chaza, viumbe ambao mvuvi wao huenda kwa miguu, na mara nyingi ni mwanamke.

Siku za bamvua maji hupwa sana mnamo saa nne asubuhi, na hayarudi juu ya mwamba mpaka jua likaribie utosini. Kusi hapana neno. Kaskazi, upepo ukilala, vidimbwi vilivyobaki huchemka hata kuvivuka pekupeku ni taabu. Muokotaji wa Chwaka hupapasa mchanga kwa unyayo baina ya nyasi za bahari. Akigusa ukingo wa gamba huinama na kuchimba. Kombe naye, akiachwa mkavu, hufunga gamba na kusubiri. Akifunga, hali chakula, na joto humlia akiba yake. Bahari yenyewe ikiwa imeshapata joto kabla ya kupwa, kama ilivyokuwa 1998, 2016 na 2024 matumbawe yalipopauka, kusubiri huko humshinda.

Wapo watakaosema waokotaji ndio waliomaliza kombe. Kuokota wadogo kupo, sikatai, na kamati za vijiji zina haki ya kukataza. Lakini kufunga eneo hakupunguzi joto la maji, na eneo likifungwa pahala ambapo kombe hawezi tena kuishi, tunalinda mchanga mtupu.

Somo hili tumeshalipata kwa mwani. Kilimo chake cha biashara kilianza hapa 1989, upande wa Paje na Jambiani. Mwani wa cottonii, wenye bei nzuri, ukaanza kufa kwenye maji ya kina kifupi yaliyopata joto. Wakulima wengi wakabaki na spinosum, wa bei ya chini. Pa kuupanda cottonii palikuwapo, penye kina na ubaridi kidogo. Ila wengi wa wakulima ni wanawake, wengi wao hawakujua kuogelea, wala hawakuwa na vyombo. Na kombe vivyo hivyo: wakistawi zaidi kwenye kina, atakayewafuata ni mwenye mtumbwi na miwani ya kupigia mbizi. Mama wa Chwaka atabaki ufukweni na ndoo yake.

Kuna na jambo lisiloonekana kwa macho. Bahari inafyonza hewa ya ukaa, na tangu zama za viwanda ukali wa asidi katika maji ya juu umeongezeka kwa takriban asilimia 30. Chaza mkubwa huenda akastahimili. Mtoto wake, anayeelea wiki mbili tatu kabla ya kujishika kwenye jiwe au mzizi wa mkoko, ndiye anayepata tabu kujenga gamba la kwanza. Huko Oregon, Marekani, kituo cha kuzalisha chaza cha Whiskey Creek kilipoteza vifaranga kwa mamilioni kuanzia mwaka 2007. Walipoyapima maji wakajua sababu: asidi. Wakabadili saa za kuyavuta, wakayatia magadi, uzalishaji ukarudi. Magadi, Mheshimiwa! Walipopima ndipo walipopata dawa.

Na sisi tuna kituo cha kuzalisha vifaranga vya bahari Beit el Ras, na wapo kina mama wa Fumba wanaofuga chaza kwa ajili ya lulu. Kabla ya kugawa maeneo mapya ya ufugaji au kuyafunga ya zamani, naomba Wizara iweke vipima joto kwenye miamba na vidimbwi vya Chwaka, Fumba na Pemba, vikae mwaka mzima, kaskazi na kusi, na asidi ipimwe pamoja. Matokeo yabandikwe dikoni kwa Kiswahili. Kombe na chaza wanaookotwa kwa miguu wahesabiwe kama wanavyohesabiwa samaki wa boti, maana asiyehesabiwa hapangiwi bajeti. Na pale ambapo vipimo vitaonesha kuwa makazi mazuri yako kwenye kina, leseni ya kwanza, chombo na mafunzo ya kuogelea viende kwa wanawake waliokuwa wakiokota hapo, kabla mwekezaji hajapewa hati.

Kaskazi huanza Disemba. Tunaomba vipimo viwe majini kabla ya hapo.